Naomba ushauri: kulala hemani usiku mbili kando ya Mto Kalambo, juu ya maporomoko

Mwalimu wa Mbeya

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari hapa Mbeya, na katika likizo ya mwezi wa sita nakusudia kwenda Kalambo pamoja na walimu wenzangu watatu. Mpango wetu ni kupanda basi hadi Sumbawanga, kulala hapo, kesho yake kuelekea Matai, kisha kutafuta usafiri wa kutufikisha kijiji cha Kapozwa. Hatutafuti hoteli. Tunataka kulala kwenye hema kwa usiku mbili, mahali ambapo mto unapita tambarare kabla ya kudondoka, tupike wenyewe na tuamke tukiusikia.

Sababu yenyewe ilianzia darasani. Mwaka 2023 ilipotangazwa kwamba pale Kalambo wataalamu wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale, niliwasimulia wanafunzi wa kidato cha kwanza, kwa kuwa mada ya chimbuko la binadamu na teknolojia iko katika mtaala wao. Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha akauliza, "Mwalimu, hayo magogo yalikuwa ya kazi gani?" Nilimjibu kwa maneno ya jumla, lakini niliona wazi kuwa hakuridhika, na mimi mwenyewe sikuridhika. Tangu siku ile nimekuwa na hamu ya kusimama pale, nilione bonde, nione maji yanavyokaa na ardhi ilivyo, ili nikirudi darasani niwe nazungumza juu ya mahali ninapopajua.

Nimewahi kuwa Skauti, na mambo ya kambi nilifundishwa vizuri. Nimeshaandaa jembe dogo na sururu kwa ajili ya kuchimba shimo la moto, shimo la taka, choo cha muda, na mfereji mwembamba wa kuzunguka hema endapo mvua ya ghafla itanyesha. Maji tutachota mtoni na kuni tutaokota.

Naomba wenyeji na wale waliowahi kufika wanieleze ni nani wa kuomba ruhusa, tupige kambi upande gani, na kama kuna jambo katika mpango wangu ambalo halifai. Nawaomba msinionee haya, kwa sababu tutakwenda watu wanne na jukumu la safari ni langu.

Mzaliwa wa Matai

Mwalimu, karibu sana kwetu. Nimefurahi kuona umeuliza kabla ya kuja, kwa sababu wengi hufika Kapozwa jioni, jua limeshazama, wakiwa na mizigo kichwani na hawajui hata wamwone nani.

Njia yako ni sahihi. Kutoka Sumbawanga hadi Matai ni barabara ya lami, ile ile inayoendelea hadi bandari ya Kasanga, na urefu wake wote ni kilomita 112. Ukishaiacha lami kuelekea Kapozwa, unaingia kwenye barabara ya vumbi. Mwezi wa sita inapitika bila shida, lakini ondokeni Matai asubuhi, kwa sababu usafiri wa mchana hupungua na nyinyi mnahitaji muda wa mwanga wa kutosha kupata kibali na kusimika hema.

Kuhusu ruhusa, milango ni miwili na yote lazima mpige hodi. Mlango wa kwanza ni ofisi ya kijiji. Mwoneni mtendaji na mwenyekiti, mjitambulishe, muandike majina yenu kwenye kitabu cha wageni, na ikiwezekana mje na barua ya utambulisho kutoka shuleni. Mlango wa pili ni watumishi wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, ambao ndio wanaosimamia maporomoko na msitu wake kwa upande wetu. Wao ndio watakaowatoza ada, kuwapa stakabadhi na kuwaonyesha mahali pa kulala. Mkionyeshwa mahali, laleni hapo hapo, hata kama mtaona pengine panapendeza zaidi.

Naomba nilieleze hilo kwa kirefu kidogo, kwa sababu lina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni mpaka. Mto Kalambo ndio mpaka wa Tanzania na Zambia, na ulivyo mwezi wa sita mtu anaweza kuona ng'ambo karibu kabisa akadhani kuvuka ni jambo la kurukia mawe tu. Walungu wanaishi pande zote mbili, wana shemeji na wajomba ng'ambo, lakini mgeni mwenye hema na kamera akikutwa upande wa pili bila kugongewa muhuri ana maelezo marefu ya kutoa. Mkitaka kuona upande wa Zambia, rudini Matai mpite kituo cha mpakani cha Kasesya kwenye barabara ya kwenda Mbala.

La pili ni ukingo wa genge. Maji yanadondoka zaidi ya mita 220 kwa mkupuo mmoja, na katika Afrika ni maporomoko machache sana yanayodondoka hivyo bila kugonga ngazi ya mwamba katikati. Juu kule nyasi zinaota hadi kwenye ukingo wenyewe, zinafunika mwisho wa ardhi, na mawe yaliyo karibu na maji huwa yana utelezi kwa sababu ya manyunyu. Mtu aliyeamka usiku kwenda haja, ana usingizi, tochi inamulika hatua mbili mbele, hapaswi kuwa popote karibu na hapo. Sisi tuliozaliwa huku tulikatazwa na wazazi kukaribia hata mchana.

Mkiwa pale asubuhi, tazameni kwenye vibao vya mwamba upande wa genge. Marabu, wale korongo wakubwa wenye kipara na mfuko shingoni, huzaliana hapo wakati wa kiangazi. Msirushe mawe wala kupiga kelele ili waruke mpate picha, kwa maana ndege akikurupuka ghafla anaweza kuangusha yai au kinda.

Mwanafunzi wa Mambo ya Kale

Shikamoo, Mwalimu. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, na nimeguswa na swali la yule binti. Nitajaribu kulijibu, lakini kwanza naomba nizungumzie jembe na sururu, kwa sababu hapo ndipo penye jambo zito.

Mafunzo ya Skauti ni mazuri kwa porini pengine popote. Kalambo ni tofauti, kwa sababu kitu cha thamani kimo ndani ya udongo ule ule unaotaka kuuchimba. Sehemu ile ya tambarare juu ya maporomoko, ambayo wewe umeipenda kwa kuwa mto unapita taratibu, ni bonde ambalo kwa muda mrefu mno mto umekuwa ukilaza mchanga, kokoto na udongo wa mfinyanzi, tabaka juu ya tabaka. Mahali ambapo maji yalibaki yameloweka udongo miaka yote, hewa haikuingia, na pasipo hewa mti hauozi. Ndiyo maana Kalambo imetunza miti, wakati sehemu nyingine nyingi za umri huo zimetuachia mawe na mifupa tu. Profesa J. Desmond Clark alilitambua hilo tangu mwaka 1953, na katika uchimbaji wake wa miaka ya 1950 na 1960 alipata vipande vya miti vilivyoonekana kuwa vimefanyiwa kazi, ila wakati huo hapakuwa na njia ya kuhakikisha umri wake.

Njia hiyo imepatikana, nayo ndiyo sababu kubwa ya mimi kukuomba uache sururu nyumbani. Punje ya mchanga inapofukiwa gizani huanza kujikusanyia nishati kidogo kidogo kutokana na mionzi ya asili iliyomo ardhini. Inapopigwa na jua, nishati hiyo hutoka yote na hesabu huanza upya. Kwa hiyo mtaalamu akichukua punje ambazo hazijaona mwanga tangu zilipofukiwa, anaweza kupima nishati iliyomo na kujua zimekaa gizani miaka mingapi. Wanapochukua sampuli hupigilia bomba ndani ya ukuta wa udongo na kuziba ncha zake ili mwanga usiingie, na maabara huzifungua chini ya taa hafifu nyekundu. Hivyo ndivyo timu ya Profesa Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool na Profesa Geoff Duller wa Aberystwyth ilivyopata kwamba magogo yale yana angalau miaka 476,000, kukiwa na tofauti inayoweza kufika miaka 23,000 mbele au nyuma.

Sasa fikiria shimo la choo la kina cha goti. Kila koleo unalolitupa juani linafuta hesabu ya punje zote zilizomo. Ukifukia shimo kesho yake, macho hayatagundua kitu, lakini mchanga wa juu umeshachanganyika na wa chini na saa zao zimerudishwa mwanzo. Mkaa wa moto wako nao utakuwa umeingia kwenye tabaka ambalo si lake. Mtafiti atakayekuja miaka kumi baadaye atakuta mkaa karibu na zana za mawe, na itambidi atumie fedha na muda ili kujua kwamba ni ugali wa walimu wa Mbeya. Mwalimu, nasema hivi kwa heshima yote, kwa kuwa najua hukukusudia.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazuia mtu kutafuta au kuchimba mabaki ya kale bila leseni, na upande wa Zambia eneo hilo liko chini ya tume yao ya taifa ya uhifadhi wa urithi. Lakini hata kama pasingekuwa na sheria, ningekuomba vivyo hivyo.

Nije kwa swali la binti. Gogo la juu lina urefu unaokaribia mita moja na nusu, limelazwa kukatiza jingine, na kwa chini limechongwa pengo linalokaa sawasawa juu ya gogo la chini, kama fundi anavyochonga boriti ili isiteleze juu ya mwenzake. Kwenye miti hiyo zimeonekana alama za kukatwa na kukwanguliwa kwa zana za mawe. Waliotangaza ugunduzi huo wanaona kwamba inaweza kuwa ni sehemu ya jukwaa, njia ya kupitia juu ya tope, au msingi wa kitu cha kukaa juu ya ardhi iliyokuwa ikilowa maji. Mwambie binti kwamba waliofanya kazi hiyo waliishi kabla ya binadamu wa aina yetu, maana mabaki ya kale zaidi yanayohesabiwa kuwa ya jamii yetu, yale ya Jebel Irhoud nchini Morocco, yana takriban miaka 300,000. Watu wale walikuwa na tatizo lile lile utakalokuwa nalo wewe jioni ya kwanza, yaani kupata mahali pakavu pa kukaa karibu na maji.

Kwa hiyo lala kwenye mgongo wa juu, penye mawe na udongo mwekundu mgumu, mbali na tambarare ya mto. Ukitaka kukaa kando ya maji, kaa mchana, juu ya mwamba.

Mpanda Milima wa Tunduma

Nawasalimu wote. Nimewahi kulala karibu na Kalambo mara mbili, na mara ya pili nilifanya kosa ambalo napenda Mwalimu alisikie kutoka kwangu kabla hajalirudia.

Tulikuwa watu watano, mwezi wa nane, nyasi zimekauka kabisa. Tulipiga kambi juu kama alivyoshauri kijana wetu hapo juu, tukapanga mafiga matatu, tukapika. Wakati wa kulala tulimwaga maji kiasi juu ya makaa, tukasukumia udongo, tukakanyaga kanyaga, tukaamini tumemaliza. Alfajiri nilitoka hemani nikaona uzi wa moshi unapanda kutoka chini ya mninga uliokuwa hatua kama nane kutoka kwenye mafiga. Juu ya ardhi hapakuwa na alama yoyote ya moto. Nilipoinama na kuweka kiganja chini, udongo ulikuwa wa moto kama sufuria lililotoka jikoni. Moto ulikuwa umeshika mzizi mkavu tuliokuwa tumeufukia pamoja na makaa, ukatembea chini kwa chini usiku kucha hadi kwenye shina. Tulibeba maji kwa madumu mpaka saa nne asubuhi, na bahati yetu ni kwamba upepo ulikuwa haujaanza. Ungeanza, msitu ule ungeungua na sisi ndio tungekuwa tumeuchoma.

Tangu siku hiyo sifukii moto kwa udongo mahali popote penye miti. Ukilazimika kuwasha, unamwaga maji mengi, unakoroga majivu kwa kijiti, unamwaga tena, na huondoki mpaka uweze kuweka nyuma ya kiganja chako pale pale na kukiacha. Lakini kwa Kalambo ushauri wangu ni kuacha moto wa kuni kabisa. Bebeni mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake. Kwa watu wanne na usiku mbili unatosha na kubaki. Maharage yachemsheni nyumbani, myaanike, mkifika ni kuyapasha tu na kuunga. Dagaa na unga wa dona havina usumbufu, na kama mtapita Kasanga, nunueni migebuka iliyokaushwa.

Kuhusu maji, mimi nisingetegemea mto kwa kunywa. Jazeni madumu mawili ya lita 20 kijijini, mlipe kijana wa bodaboda awafikishie. Mkiishiwa na kulazimika kuchota mtoni, yaacheni yatulie, mchuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha mchemshe hadi yatokote, au mtumie vidonge vya WaterGuard kwa kipimo kilichoandikwa. Msiingie kuoga kwenye maji yaliyotulia penye majani, kwa sababu ya kichocho. Chota, ondoka nayo pembeni, yachemshe kwanza, yakipoa jimwagie huko mbali na kingo, na sabuni isirudi mtoni, maana kuna watu chini kule wanaoyatumia hadi yanapoingia Ziwa Tanganyika.

Choo ndicho watu huona haya kukizungumzia, kwa hiyo nitasema waziwazi. Sisi tulichukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, iliyokuwa ya rangi, tukaijaza vumbi la mbao robo. Kila mtu akimaliza anamwaga kopo moja la vumbi juu yake na kufunika. Haitoi harufu kama mtu anavyodhani. Siku ya kuondoka tuliomba ruhusa kijijini tukaimwaga kwenye choo cha shimo, tukaisafisha. Karatasi, mifuko na makopo yote tulirudi nayo Tunduma.

Na ule mfereji wa kuzunguka hema hauna kazi. Mwezi wa sita mvua huku imeshakatika, na hata ingenyesha, hema likiwekwa penye mteremko mdogo na turubai likatandikwa chini bila kuchomoza nje ya ukuta wa hema, maji hupita.

Kijana wa Laela

Nashukuru kwa maelezo, lakini nina hoja. Wenyeji wa pale wanalima mihogo na mahindi, wanachimba vyoo, wanafyatua matofali. Mto wenyewe kila masika unamega kingo. Je, shimo moja la mgeni wa siku mbili linaongeza nini? Isije ikawa tunawatisha watu wasitembelee nchi yao, wakati wageni kutoka mbali wanakuja bila kuogopa.

Mwanafunzi wa Mambo ya Kale

Hoja yako ni ya haki, kaka, na sitaki kuipita juu juu.

Ni kweli kwamba mto unamega kingo. Kumega huko kumewahi kuonyesha miti iliyokuwa imefichika, na kumewahi pia kuondoa mingi ambayo hakuna aliyeiona ikapita genge na kupotea. Maana yake ni kwamba akiba iliyobaki inapungua kila mwaka bila sisi kuongeza mikono yetu. Mkulima wa Kapozwa anaishi pale, shamba lake liko mahali alipoachiwa na baba yake, na viongozi wake wanaweza kukaa naye wakazungumza. Mgeni huchagua mahali kwa kuvutiwa na macho, na macho ya wageni wote huvutiwa na pale pale, tambarare ya mto yenye kivuli. Shimo moja la mtu mmoja ni dogo. Mashimo ya kila kundi la kila likizo, yote katika sehemu moja yenye ukubwa wa uwanja wa mpira, ni jambo jingine.

Wala sitaki watu waogope kwenda. Nataka waende wengi, hasa walimu. Mwalimu akiona mti umechomoza kwenye ukuta wa kingo, hata kama unaonekana ni kijiti cha kawaida, asiuvute wala kuukwangua. Mti uliokaa umeloa muda wote huo ukitolewa juani hukauka, hujikunja na kupasuka kwa siku chache. Apige picha, aweke kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, akumbuke mahali, kisha awaeleze watumishi wa TFS siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mawe yaliyochongwa: kuyatazama ni ruhusa, kuyaweka mfukoni ni kuyaharibia maana yake, kwa sababu jiwe lililotoka kwenye tabaka lake haliwezi tena kutuambia lilikuwa la wakati gani.

Mwalimu wa Mbeya

Nawashukuru kutoka moyoni. Nimeyasoma haya pamoja na wenzangu leo mchana katika chumba cha walimu, na tumebadilisha mpango karibu wote. Jembe na sururu nimevirudisha stoo ya shule. Mwalimu wa Sayansi ana mtungi wa gesi, ndoo ya rangi tumeipata kwa fundi aliyekuwa anapaka madarasa, na vumbi la mbao tutachukua kwa maseremala wa Mwanjelwa. Barua ya utambulisho mkuu wa shule ameahidi kuiandika wiki hii.

Maelezo ya kijana wetu kuhusu magogo niliyapeleka darasani kabla ya kuandika hapa. Nilikata miti miwili ya mpera nyuma ya bweni, nikampa yule binti panga dogo, akachonga pengo kwenye mmoja na kuulaza juu ya mwingine. Ulikaa. Kisha akaniuliza ingewachukua muda gani kuchonga vile kwa jiwe, na sasa vijana wote wa kidato cha kwanza wanatafuta mawe makali ya kujaribia. Nimewaambia wayatafute kwenye korongo la nyuma ya shule, na si kwingine.

Nimebaki na maswali mawili kwa Mzaliwa wa Matai. Kwanza, tukilala juu kwenye mgongo badala ya kando ya mto, je, bado tutasikia maji usiku? Pili, baridi ya huko mwezi wa sita ni ya kiasi gani? Sisi wa Mbeya tunaijua baridi, lakini ya hemani ni nyingine. Tena kama tuna siku moja ya ziada, mnatushauri tuitumie wapi?

Mzaliwa wa Matai

Mwalimu, mtasikia. Usiku upepo ukitulia sauti hupanda kutoka bondeni, na ukilala ubavu unaihisi kwenye ardhi kabla ya kuisikia kwa sikio. Mwezi wa sita maji bado yana nguvu. Wanaochelewa hadi mwezi wa kumi hukuta mto umekonda.

Siku ya ziada nendeni Kasanga ziwani. Wajerumani walipaita Bismarckburg, na magofu ya boma lao yapo mpaka leo, juu kidogo ya maji. Hapo napo mtembee na mwenyeji, msipande kuta.

Baridi ya Kalambo si kali kama ya Sumbawanga mjini, kwa sababu mko chini zaidi, ila karibu na alfajiri umande huwa mwingi sana na hema hulowa kama limenyeshewa. Blanketi la sufu moja kwa kila mtu na mkeka wa kutandika chini, kwa maana baridi ya ardhini ndiyo inayoamsha watu. Na viatu viingizeni ndani ya hema kabla ya kulala, mvikung'ute asubuhi kabla ya kuvaa.

Mkifika ofisi ya kijiji, niulizieni. Nitakuwa shambani, lakini watoto watanifuata.